Ugali Wangu wa Kwenye Picha

Jamani, leo nimepatikana. Hapa hapa mjini Baraka, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe. Nawaandikia nikiwa nimejificha nyuma ya nyumba, na mkono wa kulia umeungua.

Mnajua mke wangu, Mama Furaha, alikwenda Mboko kumsaidia mama yake kuvuna mihogo. Siku ya kuondoka alinionyesha gunia la unga wa mahindi, akanionyesha na mwiko. (Mwiko nilikuwa naujua. Kwa sura.) Akasema, "Baba Furaha, we utakufa njaa na unga iko mu nyumba."

Iliniuma! Mwanaume mzima, fundi wa pikipiki ninayefungua injini na kuirudisha, nife njaa pembeni ya gunia? Jioni hiyohiyo nikatangaza kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo: kila siku nitawaonyesha namna mpya ya kupika unga wa mahindi nyumbani. Wanaume wajifunze. Nilitaka mke wangu arudi aniangalie kwa macho mengine. Basi, sikutaka kingine.

Shida ilikuwa moja tu. Sijui kupika.

Lakini ninaye jirani, Mama Nadine, mama mzee aliyekimbia kutoka Burundi na sasa analima huku. Tukapatana: unga wangu, mikono yake, chakula tunagawana. Yeye anapika, mimi napiga picha. (Kila mtu na kipaji chake.)

Tukaanza na uji wa karanga na ndimu. Nikaandika chini ya picha: "Siri ni kukoroga bila hasira." Ikaja mikate ya unga wa mahindi na ndizi mbivu, imekaangwa kwa mawese: "Mimi huipenda ikiwa rangi ya dhahabu." Ikaja keki ya mbabula, jiko letu la makaa: makaa chini, makaa mengine juu ya mfuniko: "Moto unanitii." Shemeji yangu wa Uvira akanipigia kulalamika kwamba mke wake anamwonyesha picha zangu kabla ya kumpakulia. Nilifurahi sana. Wamama wa ukoo wa mke wangu walikuwa wanatuma vicheko tu, kila picha vicheko. Nikajua wamenipenda.

Leo asubuhi simu ikalia.

"Baba Furaha, tuko mu barabara, tuko karibu kufika. Mama naye iko anakuya. Anasema anataka kula bugali yako, ile ya mu picha."

"Mama gani?"

"Kwani uko na bamama mukwe ngapi?"

Nilikimbia kwa Mama Nadine na ndala mguu mmoja. Kufuli mlangoni! Amekwenda shambani. Kitu chake pekee kilichokuwapo ni sufuria, iliyobaki kwangu tangu chakula cha jana.

Basi, nikawasha makaa mwenyewe, nikaibandika sufuria hiyo. Nikafungua simu nisome jinsi ya kusonga ugali. Nikasoma wapi? Kwenye maandishi yangu! "Chukua maji ya kutosha. Ongeza unga kwa upendo. Songa mpaka moyo uridhike." Maji ya kutosha ni kiasi gani? Upendo vikombe vingapi? Mjinga gani aliandika haya?

Maji hayajachemka, nikamwaga unga. Ikawa uji. Nikaongeza. Ikawa uji wenye mawe. Nikamwaga bakuli zima kwa mpigo, ikawa saruji. Mwiko ukasimama wenyewe katikati, haunihitaji tena. Nikaipua sufuria kwa mkono mtupu. (Kelele niliyopiga nadhani hadi kijiji cha Lweba waliisikia.)

Wakafika. Mama mkwe akakaribishwa, akakaa, akanawa mikono. Nikamwekea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, macho chini, adabu imenijaa. Akakata tonge. Tonge likafunguka katikati, unga mkavu ukamrukia kwenye kitenge.

"Mukwe," akasema polepole, "bugali yako iko na mimba."

"Ni ya kisasa, mama. Bazungu njo banaipenda vile. Inje inaiva, ndani inabakia naturel."

"Ah. Bazungu."

Mke wangu akaangalia dari. Nikaanza kupumua.

"Hodi!" Mama Nadine, jembe begani, tope miguuni. "Jirani, nimekuja kukamata sufuria yangu. Na leo tunapika nini ya picha?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Sufuria gani?" nikauliza. (Ndiyo. Hilo ndilo lililonitoka.)

Mama mkwe akainua sufuria, akaligeuza sikio lake, pale pa kushikia. Pale palikuwa na msalaba mdogo mwekundu, uliochorwa kwa rangi ya kucha.

"Hii," akasema. "Tuliiona tangu picha ya kwanza."

Jamani, nimeoa miaka yote hii na sikujua! Kukiwa na kilio, sufuria za mtaa mzima hukusanywa kupikia watu, na kila mama anaitia yake alama ili arudi nayo nyumbani. Wanazijua zote. Mama mkwe mwenyewe alisongea ugali kwenye hiyohiyo alipokuja Baraka kumzika dada yake. Mimi kwenye picha nilikata mlango wa Mama Nadine usionekane, nikakata mbabula yake, nikakata hata kuku wake. Sikio la sufuria nikaliacha katikati, kwenye mwanga mzuri.

"Sasa kama mulijua," nikasema, "mulikuya kula nini?"

"Tulikuya kuona," mke wangu akajibu, na hapo kicheko kikawashinda. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Nadine hakuelewa kitu, naye akacheka kwa heshima.

Mimi sikucheka. Niliona haya kwelikweli. Nilitaka mke wangu aniangalie kwa macho mengine, akaniangalia, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Kisha mama mkwe akakaa tena, akakata tonge la pembeni, akalitafuna. "Bugali ya picha ilikuwa ya huyu mama. Hii njo ya mukwe wangu. Nitaikula." Akaimeza. Kwa vikombe viwili vya maji, lakini akaimeza.

Mke wangu akaingia chumbani, akatoka na kichupa cha rangi ya kucha, ya bluu. Kumbe sufuria zetu zote zina vistari viwili vya bluu masikioni! (Naapa sijawahi kuviona.) Akaushika mkono wangu ule mzima, akachora vistari viwili kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Hii ni ju ya nini?"

"Ni ju na we usipotee tena mu jiko ya batu."

Kesho nasonga ugali, na mama mkwe amekwishachagua pa kuweka kiti chake ili anisimamie. Naombeni msinicheke. Rangi yenyewe bado haijakauka.