Lita za Moyo wa Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Daktari katangaza kwamba chumba cha vipimo vya moyo kitabaki na mashine moja. Yangu ya waya, ninayombandika mgonjwa shingoni na kifuani, au ya Mama Picha, anayempaka mtu mafuta kifuani na kuutazama moyo kwenye kioo. Hakuna sindano, hakuna damu. Tutapima wagonjwa walewale wa uchovu sugu, tuone moyo wa kila mmoja unasukuma lita ngapi kwa dakika. Atakayeaminika atabaki. Mwingine atahamishiwa mlangoni kupima watu uzito. Uzito! Mimi! Baada ya miaka kumi na moja ya waya!

Jumanne, 5 Machi

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu. Akifua shati moja analala siku mbili. Wanawe wanamwita mvivu. Kanishika mkono, kaniomba namba ya kuwaziba midomo. Mashine yangu ikatoa nne nukta sita. Sawa na moyo wa mtu yeyote mzima. Nikachungulia karatasi ya Mama Picha: moja nukta tisa! Daktari humwamini yule mama kuliko anavyojiamini mwenyewe. Nikachana karatasi yangu, nikaandika moja nukta nane. Si tisa, wasije wakanishuku.

Jumatano, 6 Machi

Mungu wangu! Daktari kasoma karatasi zetu, kapiga ukelele. Mashine moja ingeweza kukosea, kasema, lakini zote mbili? Mwalimu kalazwa, kavishwa oksijeni, kakatazwa hata kujikuna. Wanawe wamekuja mbio. Wanalia! Mkubwa kapiga magoti kuomba msamaha. Nilitaka kusema kweli, nikakumbuka mizani ya mlangoni. Mwalimu kaniambia ahsante, mwanangu. Nikaenda kujificha chooni. Naona aibu mpaka sasa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwisha! Mama Picha kaenda mwenyewe kwa daktari kukiri. Kabla ya mwalimu alimpima mtoto wa miaka sita, nje ya shindano letu, akasahau kufuta kwenye mashine upana wa mshipa wa mtoto. Mashine ikapiga hesabu ya mwalimu kwa mshipa wa mtoto. Karudia kipimo: nne nukta tano. Nne nukta tano! Na mimi nilikuwa na nne nukta sita, nikaichana kwa mikono yangu hii!

Daktari kanigeukia. Kauliza nilipataje moja nukta nane, wakati mashine yangu haihitaji upana wa mshipa wowote. Nikasema imeharibika. Lilinitoka tu! Kaamuru ipelekwe stoo.

Mwalimu kavuliwa oksijeni. Kaelezwa kwamba moyo wake ni mzima, ila uchovu wake ni ugonjwa wa kweli vilevile. Kaomba wanawe wasiambiwe habari ya moyo mpaka wamalize kufua mapazia.

Ijumaa, 8 Machi

Nipo mlangoni na mizani. Mke wangu kaniuliza nimejifunza nini. Nimetafakari siku nzima. Kosa langu nimeliona: nilinakili haraka mno, kabla Mama Picha hajasahihisha.

Hapa mambo ni mepesi. Nesi wa mapokezi huwapima watu walewale kabla yangu, na karatasi yake naiona nikinyoosha shingo. Leo kapita mzee mmoja mnene, mlango ulimbana. Nesi kaandika kilo thelathini na moja. Nilishtuka kidogo.

Nimeandika thelathini na mbili.