Nilivyothibitisha kwamba Mtaa Wangu ni wa Mjini

Leo nimeaibika, tena mbele ya shahidi niliyemwita mwenyewe. Nawaandikia mapema kabla hamjaipata habari hii kwa watu wengine, maana mnajua ninavyochukia maneno ya kusikia.

Mjukuu wangu Kabula, anayesoma chuo, amekuja Bariadi na rundo la tafiti kuhusu afya ya jamii. Kazi yake ni kuzigawa kulingana na mahali zilipofanyika: kijijini, mjini, shuleni, mnadani na kadhalika. Asubuhi tulizipanga kwenye sakafu ya sebule, yeye akisoma, mimi nikimsahihisha Kiswahili (bila kuombwa).

Ukabaki utafiti mmoja. Ulifanyika katika mtaa wetu huu huu. Kabula akauweka kwenye fungu la kijijini.

"Uondoe hapo," nikamwambia. "Hapa ni mjini. Ni makao makuu ya mkoa."

"Babu, watafiti wanasema watu wa hapa wanaishi kama kijijini."

"Wameandika walichosikia. Mimi ndiye ninayeishi hapa."

Eleweni uchungu wangu. Shemeji yangu wa Shishiyu nimemwita mwanakijiji tangu nilipomwoa dada yake, na hajawahi kupata jibu.

"Basi tukatazame," akasema Kabula. "Atakayeshindwa ampigie babu wa Shishiyu, amsomee matokeo."

Nikakubali. Nikamwita jirani yangu Salum, mwenye duka la vitenge, awe shahidi asiyeegemea upande. Kisha nikatangaza kigezo kwa sauti yangu ya darasani: mjini mtu hamsalimu asiyemjua, kijijini husalimiwa kila apitaye.

Tukasimama nje ya geti. Akapita mama mmoja amejitwika dishi la viazi vitamu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka." Akatua dishi. Tukajuliana hali: Mhola? Mhola duhu, salama tu. Nikamuuliza habari za watoto, za pamba, za mvua. Naye akaniuliza ukoo wangu. Tukaufuata ukoo huo hadi Mwandoya, tukakuta babu zetu walichunga pamoja. Nikamkaribisha uji.

Salum akakohoa. "Mzee, huyu mama unamfahamu?"

"Sijawahi kumwona," nikajibu (sisemi uongo, hata pale ungenifaa).

Kabula akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

"Hilo ni tukio moja," nikasema. "Tukio moja si ushahidi. Tazameni lami, tazameni taa, tazameni bodaboda. Kuna ng'ombe hapo?"

Walikuwa wakitazama nyuma yangu, kwenye geti nililoliacha wazi. Fahali wangu (ndiyo, ninafuga uani, sikuona kama inahusu) alitoka kwa mwendo wa mkuu wa shule anayekagua mstari, akafika katikati ya lami, akasimama. Bodaboda zikajaa pande zote mbili. Nikamsukuma, hakusogea. Nikambembeleza, hakusogea. Hatimaye nikamwimbia wimbo wa machungani (someni tena mkitaka: nilimwimbia), na yule mama akaitikia kwa sauti nzuri sana. Fahali akageuka. Watu wakapiga makofi.

Dereva mmoja wa bodaboda akapaza sauti: "Mzee, toa ng'ombe barabarani, hapa ni mjini!"

Nikamgeukia Salum kwa fahari. "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Salum. "Lakini maneno ya kusikia si huwa unayakataa mwenyewe?"

Kabula alicheka hadi akakaa chini. Nami, lazima nikiri, nilicheka kidogo, nikiwa nimeuelekeza uso kwa fahali.

Ahadi ni ahadi. Nilimpigia shemeji nikamsomea matokeo: utafiti umebaki fungu la kijijini. Kisha nikasikia viti vikiburutwa.

"Rudia, shemeji," akasema. "Nimeweka sauti kubwa, wote wamekaa."

Nikarudia.

Nawaomba ninyi msicheke. Kicheko kilichotoka Shishiyu kinatosha mkoa mzima.