Sheria Inasema Kushika

Jumatatu, 4 Machi
Nimesimamishwa na askari wa barabarani, yule mama mfupi wa makutano ya hospitali. Kosa: kushika simu huku naendesha gari la mikate. Nikamweleza kwa adabu kwamba sikuwa naongea, nasikiliza tu. Anayeongea ni shemeji. Hakucheka. Leo onyo, akasema, ukirudia ni mahakamani. Shemeji, kaka wa mke wangu na dereva mwenzangu, ameshakitangazia kiwanda kizima cha mikate. Mdomo wake hauna breki.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma karatasi aliyonipa askari. Inasema kushika. Kofia haijatajwa. Basi nikaifunga simu ndani ya kofia, sikio la kulia. Mpango safi! Ilipolia ikatetemeka, kofia ikashuka hadi puani, nami nikapandisha gari kwenye bustani ya mzunguko wa barabara. Trei sita za mikate bapa kama bahasha. Meneja akauliza kama nilisinzia. Nikakubali. Niliona ni kosa dogo zaidi.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaomba lifti ya kliniki. Nikaona neema: yeye ashike simu anisomee ujumbe, mimi nishike usukani. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtangazaji. Meneja anauliza niko wapi. Shemeji anaulizia hali ya kofia. Halafu ujumbe wa mke wangu: “Mama ameondoka? Nimechoka kukaguliwa sufuria.”

Nikanyoosha mkono kuipokonya. Nilipoinua macho, fundi cherehani wa mtaani kwetu, mzee anayetembelea mkongojo, yuko katikati ya kivuko. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukafa ganzi. Gari likasimama mkongojo wake umegusa bampa.

Mzee akasogea dirishani.

“Mimi nilikuona tangu kule mbali, mwanangu. Wewe ulikuwa unamwangalia nani?”

Mama mkwe alishuka, akamvusha, akaendelea kwa miguu bila kugeuka. Yule askari wa makutano alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Ameona yote.

Jumatatu, 11 Machi
Mahakamani. Nimejitetea kwamba simu ilishikwa na mama mkwe. Hakimu akamwita mama mkwe. Yule mama ana kumbukumbu, hata kofia kaieleza, na sijui nani alimwambia. Leseni imezuiwa miezi sita. Shemeji kapewa gari langu, kapita akinipigia honi.

Jioni nimempelekea fundi mkate, nikaomba radhi. Ameupokea, akauweka kando ya cherehani. Mikono bado inamtetemeka. Ameniambia tangu siku ile hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Nimemtungia sindano tisa. Nimetoka pale nimejiona mdogo kama punje ya ulezi.

Jumatano, 13 Machi
Meneja, Mungu ambariki, kanipa baiskeli yenye kreti ya kusambazia mikate mitaa ya karibu. Jambo la kutia moyo: sheria inazungumzia dereva wa chombo cha moto. Baiskeli haina moto. Kifungu kizima nimekisoma mara mbili kwenye simu, nikiwa njiani.