Uji wa Nyuki na Mifupa ya Kaiqing

Jumatatu, 4 Machi

Ulimwengu na ujue: leo asubuhi, hapa Foshan, mjukuu wangu Kaiqing, miaka minane, amempita mjukuu wa jirani yangu Ou kwa nusu kidole. Alama nimeichora mlangoni. Ou adai mtoto kanyanyua visigino. Kijicho! Siri ni uji mweupe wa nyuki, ule wanaomlisha malkia wao. Kijiko kimoja kila alfajiri, mama yake akiwa bafuni. Nikafumba macho: mtoto kaota kama mwanzi, mawingu yamemfunga kiunoni kama kanga.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Mkwe wangu Suyin, mama wa Kaiqing, kaona dalili za kubalehe kwa mtoto. Mapema mno! Hospitali wakapiga eksirei ya mkono wa kushoto, kusoma umri wa mifupa. Mtoto ana miaka minane, mifupa ina kumi na nusu. Nikapiga makofi: kawatangulia wenzake! Suyin akaniambia, Baba, mifupa ikiwahi kukomaa inafunga, na kimo kinaishia hapo. Makofi yakaniishia mikononi. Daktari akataja sindano ya kila mwezi ya kusimamisha kubalehe, ila kwanza tungoje miezi mitatu. Akauliza kama mtoto hupewa chochote cha kumkuza. Mimi nilikuwa natazama dirishani.

Ijumaa, 8 Machi

Hila mpya. Nimempeleka kwa Tabibu Fung wa mitishamba, mzee mwenzangu. Huyu atawasuta hospitali! Akashika mshipa, mkono huu na huu. Akatazama ulimi. Akauliza ni mpumbavu gani anayemvundika mtoto kama ndizi. Kaiqing akasema ni Babu na kijiko chake. Msaliti! Tabibu akaongeza kwamba picha ya hospitali haisemi uongo, na dawa yake isimzuie mtoto kurudi huko.

Jumapili, 10 Machi

Kaiqing kamwambia mama yake, na Suyin kamwaga chupa yangu ya uji wa nyuki. Kanikaripia vikali. Mizizi ya Tabibu yachemka chunguni, mvuke watambaa darini kama ukungu wa mlimani. Kaiqing akabana pua, akanywa. Akasema ni chungu, lakini si kama maneno ya Mama kwako, Babu.

Jumatatu, 3 Juni

Picha mpya. Mifupa imetulia! Sindano haihitajiki kwa sasa. Suyin akamshukuru daktari, akamshukuru tabibu.

Suyin hajui nina chupa ya pili ndani ya pipa la mchele. Mtoto haonji, naapa. Nanywa mwenyewe, vijiko viwili kila alfajiri, tangu Machi. Ou atanikoma! Usingizini naelea, kichwa changu kinasugua mwezi.

Leo nimejipima mlangoni. Nimepungua sentimita moja.