Kupona Haraka Kuliko Fundi Saa

Jumanne, 4 Machi

Siku yangu ya kwanza kikundini leo. Watu saba, viti saba vya plastiki, chumba kilichokuwa stoo ya zahanati na bado kinanuka sabuni ya unga. Nimekaa karibu na mlango. Wote wamekaa karibu na mlango. Duara letu lina umbo la yai.

Mshauri ni dada wa rika langu, kalamu kaifunga shingoni kwa kamba. Ametugawia fomu ya maswali tisa. Wiki hii, mara ngapi umekosa raha ya kufanya jambo lolote? Mara ngapi umejiona umefeli? Sifuri ni kamwe, tatu ni karibu kila siku. Kabla ya kujibu nimesahihisha makosa mawili ya chapa kwenye swali la nne. Ndiyo kazi yangu: kusoma kurasa za vitabu vya shule kabla hazijachapwa. Yaani ilikuwa, mpaka Januari, nilipokaa na ukurasa mmoja kuanzia asubuhi hadi saa ya kufunga ofisi.

Nimejibu kwa uaminifu. Jumla, ishirini na moja kati ya ishirini na saba. Nikajisikia fahari kidogo, hadi Mshauri alipoeleza kwamba alama nyingi maana yake ugonjwa mwingi. Maisha yangu yote nimeshinda kwa kupata nyingi. Hapa mshindi ni mwenye chache!

Ukutani kuna ubao. Kila mgonjwa ana namba na uzi wa rangi, na kila Jumanne unachomekwa pini kwenye alama zake. Namba ni za kutunza siri. Siri imedumu dakika nne. Uzi wa buluu ni wangu. Mwekundu ni wa Fundi Saa, mzee mrefu aliyekaa na mikono chini ya mapaja ili isionekane ikitetemeka. Kwa wiki tano ameshuka kutoka ishirini hadi kumi na nane. Alama mbili! Wamempigia makofi utadhani kapiga goli la ushindi.

Nimeuliza barua ya kurudi kazini hutolewa lini. Mshauri kasema nikishuka chini ya kumi tutazungumza. Mkuu wangu ananishikilia nafasi hadi mwisho wa mwezi.

Fundi Saa, alama mbili kwa wiki tano. Mimi, kumi na mbili kwa wiki mbili. Mpango umeanza.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya nyumbani ni jedwali. Safu ya kwanza, wazo baya. Ya pili, ushahidi kwamba ni kweli. Ya tatu, ushahidi kwamba si kweli. Kisha kila siku ufanye jambo dogo, hata kuosha kikombe, na uandike lilikupa raha kiasi gani, sifuri hadi kumi. Mshauri anasema mtu mwenye sonona husubiri ari ije ndipo atende, ilhali ari huja nyuma ya kitendo. Nadharia nzuri. Nimeipenda sana, nikiwa chini ya shuka.

Nimeamka saa saba mchana. Nimejaza jedwali la wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kwa kalamu nne tofauti ili lionekane la siku tofauti. Ijumaa nimeandika nilitembea hadi posta, raha sita. Jumapili nilimpigia rafiki simu tukacheka, raha saba.

Leo hasa nilitembea hadi chooni.

Mama kagonga mara mbili kuuliza kama nimekula. Nimesema nimekula. Kauliza nini. Sikuwa nimejiandaa kwa swali la pili.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi ya pumzi. Vuta kwa nne, toa kwa sita. Nimehesabu vizuri kuliko wote lakini nikasahau kupumua.

Fundi Saa katueleza habari zake. Duka lake liko mwisho wa korido ya maduka, mlango wa kumi na moja. Miezi saba iliyopita, katikati ya korido, moyo ulimwenda mbio, kifua kikabana, akajua anakufa. Hospitali wakampima, moyo mzima kabisa. Lakini tangu siku hiyo hajafika dukani kwake. Mwili umekariri kwamba korido ni kifo. Sasa Mshauri kampa ngazi ya kupanda: mlango mmoja, asimame pale hadi hofu ichoke yenyewe, arudi nyumbani, arudie siku nyingine, na asisogee mbele mpaka mlango huo umchoshe. Wiki hii kafika wa nne, duka la makufuli. Kasimama dakika ishirini. Mwenye duka kamwambia, mzee, leo ya tatu hii, ama ununue kufuli ama nikuajiri uwe mlinzi.

Tumecheka. Hata mimi. Ilinishtua sauti yangu.

Kisha kanigeukia, akaniuliza, "Na wewe binti, umefika mlango gani?"

Nimesema nakaribia.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika kumi na tano. Mshauri katoa pini, kaisogeza, uzi wa buluu ukateremka kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Alama sita kwa wiki moja! Makofi. Fundi Saa kapiga kuliko wote, kwa ile mikono yake. Yeye bado kumi na nane.

Wakaniomba niseme siri yangu. Nimetoa mhadhara juu ya safu ya tatu ya jedwali. Nilikuwa mzuri sana. Nilitumia neno "kinyume chake" mara nne. Fundi Saa alikuwa akiandika kwenye kipande cha boksi la saa, pole pole, ulimi nje.

Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa Daktari, kuhusu vidonge. Kasema vinahitaji wiki nne hivi kabla ya kuonyesha kitu, nivumilie, na nisiache ghafla hata nikijisikia nafuu. Kaniuliza najisikiaje. Sasa Daktari na Mshauri hutumia faili moja, na faili linasema ninapona. Ikabidi niseme najisikia vizuri. Kaandika. Kauliza usingizi. Mzuri. Kaandika. Nilikuwa nimekwenda na maswali matatu ya kweli kwenye karatasi, kuhusu kuamka alfajiri kifua kikiwa kizito, na kuhusu lile wazo la swali la tisa la fomu. Nimerudi nayo mfukoni.

Jioni nimelia kwa sababu ya kijiko. Kilianguka tu. Mama kakiokota, kakiosha, kakifuta, kakirudisha mezani. Jambo dogo la leo: kutazama kijiko kikioshwa. Raha, sijui.

Kwenye jedwali nimeandika: nilipika, raha nane.

Jumanne, 18 Machi

TISA!

Mshauri macho yalimlowa. Kasema hajaona uzi kama huu tangu aanze kazi. Kaniomba ruhusa ashike ubao juu wote wauone. Nimetoa ruhusa. Ushindi! Nimekula biskuti mbili za kikundi.

Uzi mwekundu umepanda hadi kumi na tisa.

Tulipokuwa tunapanga viti, Fundi Saa kaja karibu, kaniuliza kwa sauti ya chini, "Binti, nisaidie. Mimi nakosea wapi?" Kaniambia anafanya yote. Jedwali, pumzi, milango. Kanionyesha kile kipande cha boksi, mhadhara wangu wote umo, mwandiko mdogo kama wa ndani ya saa.

Hapo palikuwa na nafasi. Watu wametoka, Mshauri kageuka anautundika tena ubao. Sentensi moja tu ingetosha.

Nimemwambia labda mzee unakwenda taratibu mno. Mlango mmoja mmoja ni kama kusoma herufi moja moja. Ruka. Toka wa nne nenda wa nane.

Kanishukuru. Kaniita mama.

Jumatano, 19 Machi

Barua imetoka. Ina muhuri. Naanza kazi Jumatatu ya tarehe 31. Mama kaisoma kasimama, kisha kaisoma kakaa, kisha kaiweka kabatini kwenye kioo, pale ilipokuwa picha yangu ya mahafali.

Sipiti upande ule wa sebule.

Ijumaa, 21 Machi

Kiti kimoja kitupu. Duara limekuwa yai lenye ufa.

Mshauri katueleza, kwa idhini ya mwenyewe, maana hataki tuogope mambo yasiyokuwapo. Jana Fundi Saa aliruka hadi mlango wa nane. Alianguka magoti pale. Watu wakadhani kalewa. Mwenye duka la makufuli alimtambua, akafunga duka, akamtoa nje kwa kumshika kiunoni. Yu mzima. Lakini katuma ujumbe kwamba harudi kikundini. Kasema njia hii inafanya kazi, ameiona kwa macho yake kwa yule binti, basi kama kwake haifanyi kazi ni yeye ndiye aliyeharibika, na kifaa kilichoharibika hivyo hata yeye fundi angekitupa.

Mshauri kasema hajui kwa nini aliruka. Walikuwa wamekubaliana mlango mmoja mmoja. Katutazama wote sawasawa.

Nimeomba kwenda chooni. Nimekaa huko nikisoma maelekezo ya kunawa mikono. Hatua saba. Hakuna kosa hata moja la chapa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka. Kweli kweli, kwa miguu, peke yangu. Jambo la kwanza la kweli tangu Januari, na siwezi kuliandika kwenye jedwali kwa sababu Jumamosi nilishaijaza.

Nimepita korido yote nikihesabu milango. Ni fupi! Hatua sitini. Duka la Fundi Saa limefungwa, kioo kina vumbi, ndani saa zote zimesimama, kila moja imesimama kwa wakati wake. Mtu wa makufuli kaniuliza kama mimi ni binti wa mzee. Kasema mwambie mzee lile kufuli lake nimemwekea.

Kanielekeza nyumbani kwake. Bintiye kanifungulia, kanikaribisha, kaenda kumwita. Hakutoka. Kaongea kutoka chumbani, pazia likiwa limeshushwa. Kasema asante kwa kuja, samahani hajavaa vizuri. Nimesema hamna neno mzee. Bintiye akaenda jikoni, kwa adabu, akawa anagonganisha vyombo tujue hasikii.

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sentensi njiani. Mzee, zile alama ni za uongo. Maneno sita. Hata wasahihishaji wa kwetu hawangeyapunguza.

Fundi Saa katangulia. Kauliza kutoka nyuma ya pazia, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia safari ya mwenzake, "Sasa wewe mama, umefika mlango gani?"

Nimesema wa mwisho, mzee.

Kasema hongera sana. Kasema angalau mmoja wetu.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi nimeandika barua ya kukiri, kwa Mshauri na kwa Fundi Saa. Aya tatu. Nimeisahihisha. Nimeondoa neno "samahani" mahali pawili, lilikuwa linajirudia. Nimehamisha aya ya pili ikawa ya kwanza. Kufikia mchana ilikuwa barua nzuri mno, haikuwa tena na mtu ndani yake. Nimeichana.

Halafu mpango ukaja wenyewe! Kwa nini nikiri, nikapoteza barua yenye muhuri, nikamvunja Mshauri moyo, nikamtoa Mama machozi mengine? Dawa ni rahisi. Jumanne nitaanguka. Uzi wa buluu utapanda mbele ya wote. Mshauri atampelekea Fundi Saa habari: hata yule binti bora karudi nyuma. Mzee ataona kwamba kila mtu huteleza, atarudi, ataanza tena mlango wa nne na kufuli lake. Hakuna atakayeumia. Sijui kwa nini sikuwaza hivi mapema.

Tatizo ni kiasi. Nianguke hadi ngapi? Ili nipate kipimo, nimechukua fomu tupu, nimefunga mlango, nimejibu kwa uaminifu, kitaalamu tu. Swali la kwanza, tatu. La pili, tatu. Na kuendelea. La tisa, lile la kuwaza kwamba ingekuwa heri nisingekuwepo, nimeandika moja, nikatazama ile moja kwa muda mrefu.

Jumla, ishirini na mbili.

Haifai. Mtu hawezi kutoka tisa hadi ishirini na mbili kwa wiki moja, watajua natia chumvi. Nitaandika kumi na sita. Swali la tisa nitaweka sifuri, litaharibu mtiririko.

Kisha uso. Nitahitaji uso wa huzuni wa kuaminika. Nimejaribu kitandani, kioo mkononi, tangu saa tisa. Nyusi zinakataa. Mdomo unazidi, unakuwa wa mchezo wa shule. Mara ya saba nimekaribia kuupata, na ndipo Mama alipofungua mlango bila kugonga.

Kasimama. Kaja kukaa kitandani, kanishika mguu juu ya shuka, kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ni mazoezi tu.

Kasema anajua. Kasema amekuwa akiyasikia mazoezi hayo ya kulia kupitia ukuta kila alfajiri tangu Januari, na Jumanne anakuja kikundini na mimi, atake Mshauri asitake, hata kama ni kusimama karibu na mlango.

Hili halikuwamo kwenye mpango. Viti ni saba tu. Lakini sijashindwa. Nina siku moja na nusu ya kumshawishi Mama kwamba nimepona, kisha mbele yake nimshawishi Mshauri kwamba sijapona. Kalamu ya kijani bado ina wino. Nimeanza jedwali jipya.