Sufuria Iliyomlipukia Tumpe

Burnsville, Jumatatu, 9 Januari 2017

Presha kuka imelipuka! Maharage darini, maharage kwenye pazia. Kifuniko kilifyatuka chenyewe, na loki ilikuwa imefungwa. Mke wangu Tumpe kaungua kiganja cha kulia. Yeye huuguza wazee hospitali, Minneapolis, na mgonjwa hageuzwi kwa mkono mmoja. Daktari kampumzisha wiki sita. Roho iliniuma kumwona anakula kwa mkono wa kushoto.

Halafu likaja wazo. Nchi hii, kiwanda kikikuuzia kitu kibovu kikakuumiza, kinawajibika. Tutakishtaki! Jirani yetu Humphrey, wa kwetu Tukuyu, kanishauri nisiiguse sufuria mpaka wakili aione. Tangu apate digrii anashauri hata asipoombwa.

Jumanne, 10 Januari

Nimeomba ruhusa kazini, ghalani Shakopee. Nimempigia wakili, Mkenya mmoja anaitwa Dinah. Kasema tuje keshokutwa, na sufuria tuilete kama ilivyo.

Kama ilivyo! Imeganda maharage, kifuniko kimepinda. Mtu na heshima zake hapeleki chombo kichafu ofisi ya watu. Angetuonaje? Nimeisugua kwa stilwaya, nikapitisha msasa. Kifuniko nimekinyoosha kwa nyundo. Loki ilikuwa imelegea hovyo, nikaing'oa, nikatia bolti mbili na waya. Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli. Tumpe alikuwa kalala kwa dawa, hakuona kazi yangu.

Alhamisi, 12 Januari

Baridi ya kufa mtu. Gari limegoma kuwaka, tukaenda kwa basi, sufuria nimeipakata ndani ya kitenge.

Dinah alifungua kitenge, akaigeuza sufuria. Akauliza loki iko wapi. Nikamweleza kuwa nimeitupa, na jinsi nilivyofunga bolti. Akatuonyesha malalamiko ya watu wengine waliounguzwa na sufuria ya aina hiyo hiyo, loki hiyo hiyo. Kumbe kesi ilikuwepo!

“Baba Ikupa, ule ubovu ndio ulikuwa ushahidi wa mama, nawe umeutengeneza,” alisema. “Sasa kiwanda kitasema aliyeiharibu ni wewe.”

Njia nzima Tumpe hakunitazama. Niliona aibu. Ila zile bolti zimekaa vizuri, hata Dinah alizigusa mara mbili.

Jumamosi, 14 Januari

Tumpe kaongea, hatimaye. “Kiwanda hakinijui, Baba Ikupa. Wewe unanijua.” Kaagiza sufuria iende pipa la taka leo leo.

Humphrey kaja na supu. Kama haitoshi, kaosha vyombo mbele ya mke wangu! Binti yetu Ikupa kamsifu kwa Kiingereza. Humphrey kanipa pole kwa sauti ya mtu aliyeshinda.

Jumapili, 15 Januari

Kutupa chombo kizima ni dhambi. Sufuria nimeificha kwenye buti la gari, na leo gari limewaka. Ishara hiyo!

Baada ya ibada mama Générose, Mkongo anayepikia sherehe za kanisa, alilalamika hana chombo cha kuivisha maharage haraka. Nikamkabidhi pale pale. Akasema merci sana, papa Damas, ila hizi bolti ni za nini, si itamuunguza mtu? Swali la haki. Nikachukua karatasi, nikaandika: “Mimi Damas nimeitengeneza sufuria hii kwa mikono yangu. Likitokea lolote, mwenye kuwajibika ni mimi.” Sahihi, tarehe, nakala mbili. Kiwanda gani kinakupa hati kama hiyo? Jumapili ijayo anapikia watu arobaini. Tumpe nitamwambia siku hiyo, akishaonja.

Humphrey kaisoma hati mara mbili, kanitazama, kanirudishia. Wivu huo.