Viatu vya Mkono wa Ushindi

Jumatatu, 6 Mei
Jumapili kuna mashindano ya wawili wawili ya bolingi, ule mchezo wa kubingirisha tufe zito kuangusha pini. Mke wangu, ambaye huangusha pini kama anafagia uwanja, anatafuta wa kucheza naye. Tumebaki mimi na kaka yake. Alhamisi atatuangalia mazoezini, kisha achague. Lazima anichague mimi. Miaka yote hii nyumbani tunagombea rimoti; nataka walau siku moja tuwe upande mmoja. Isitoshe, sote wawili ni mashoto. Hata mezani hatugongani viwiko.

Shemeji hana wasiwasi wala vifaa. Anaokota tufe lolote la ukumbini na kuvaa viatu vya kukodi, ambavyo nusu ya mji wameshavitolea jasho. Namhurumia.

Jumanne, 7 Mei
Nimemuaga bosi kwamba nakwenda kupima madirisha ya mteja. Nikaenda duka la michezo. Tufe langu ninalo tangu mwaka jana, limetobolewa kwa kipimo cha vidole vyangu, na mfuko wake nimeushona mwenyewe kwa mabaki ya pazia la mahameli. Leo nimenunua mkanda wa kukaza kifundo cha mkono, taulo la kufutia tufe, na viatu. Viatu hasa! Soli moja inateleza, nyingine inashika sakafu.

Muuzaji akaniuliza natumia mkono gani. Nikamjibu: mkono wa ushindi. Akaangalia viatu, akaniangalia mimi, akafunga boksi.

Alhamisi, 9 Mei
Mazoezi. Nilikwenda mbio nzuri, mkono wa kushoto nyuma, ukumbi mzima unatazama. Hatua ya mwisho, mguu wa kulia unaotakiwa kuteleza ukaganda. Mimi sikuganda. Nilipita mstari kwa tumbo, nikaingia kwenye mafuta yanayopakwa njia ya tufe, nikamaliza mwendo nyuma ya tufe langu.

Shemeji akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Uongo. Ukingo niliuvuka.

Kisha akageuza kiatu, akasema kwa upole kwamba hivi ni vya mtu wa mkono wa kulia, ambaye huteleza kwa mguu wa kushoto. Mke wangu, ambaye kazini kwenye duka la dawa haachi kuuliza mara mbili, akaniuliza kama muuzaji hakuniuliza. Nikasema aliuliza swali la jumla.

Ijumaa, 10 Mei
Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Viatu ni vizima. Vipya, vya ngozi. Kwa hiyo kosa ni la mkono. Nitabadili mkono.

Nimefanya mazoezi sebuleni kwa kabichi na chupa sita. Chupa zote zimesimama. Chupa ya chai aliyotuzawadia mama mkwe, iliyokuwa kwenye meza ya pembeni, haikusimama.

Jumamosi, 11 Mei
Mke wangu ameniweka kitako. Akasema nikodi viatu, nitumie mkono wangu wa siku zote, na nafasi ni yangu. Akasema anataka kucheza na mume, si na duka. Roho yangu ililainika, nakiri. Nikamwahidi atamwona mume. Sikutaja miguuni atakuwa na nini.

Jumapili, 12 Mei
Kabla ya mashindano mke wangu akaniomba nibingirishe tufe moja la majaribio. Nikavaa viatu vyangu, nikatumia mkono wa kulia. Kuteleza, safi kabisa! Tufe, lililotobolewa kwa vidole vya mkono wa kushoto, nusura liondoke na vya kulia, likaruka hadi njia ya jirani na kuangusha pini nane. Sijawahi kuangusha nane.

Mke wangu akampa kaka yake ishara asimame. Wamekuwa wa kwanza. Mimi nilikaa benchi nimeshika mikoba, na iliniuma. Lakini ukweli usemwe: shemeji alifuta tufe kwa taulo langu.

Jumatatu, 13 Mei
Nimeamua kumtuliza mke wangu. Nimerudi dukani kumnunulia viatu vyake mwenyewe, awe bingwa kamili, na mwakani tucheze pamoja. Atafurahi mpaka alie.

Muuzaji akaniuliza mke wangu anatumia mkono gani. Huyu mtu hasikii. Nikamwambia tena: wa ushindi.